Faru wa Shilingi Hamsini

Waliotumia senti hamsini ya zamani hawajamsahau sungura wake, na walioshika senti ishirini wanamkumbuka mbuni. Lakini ni wachache waliowahi kumtia faru mkononi. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu zisizokusudiwa kununulia unga wala kulipia nauli: twiga kwenye fedha ya shilingi 25, faru mweusi kwenye fedha ya shilingi 50, na duma kwenye dhahabu ya shilingi 1,500. Ukizigeuza, unakutana na Mwalimu Nyerere. Zilitoka katika mpango wa mashirika ya uhifadhi ya WWF na IUCN, ulioshirikisha nchi zaidi ya 20. Mkusanyaji alilipa zaidi ya thamani iliyoandikwa juu ya sarafu, na sehemu ya mapato ikaenda kulinda wanyama.

Huyo faru ndiye ninayeulizwa mara nyingi, na swali ni lile lile: ni fedha kweli? Ni fedha, ila si zote kwa kiasi kimoja. Toleo la kwanza lina uzito wa gramu 31.65, nusu fedha na nusu iliyobaki madini ya kuchanganyia. Toleo la pili, la wakusanyaji, lina gramu 35, na asilimia 92.5 yake ni fedha. Piga hesabu: la kwanza limebeba fedha gramu 15.8 hivi, la pili gramu 32.4. Mnyama ni yule yule na mwaka ni ule ule, lakini fedha imezidi mara mbili. Nimeona watu wakilipia la kwanza kwa bei ya la pili. Kabla hujatoa pesa, pita kwa sonara uipime. Tofauti ya gramu tatu na kitu haijifichi kwenye mizani yake.

Jicho nalo hutambua. Kwa toleo la wakusanyaji, chapa za chuma hung'arishwa mpaka ziwe kama kioo, na kipande cha fedha nacho hung'arishwa kabla ya kupigwa. Kisha hupigwa zaidi ya mara moja, ili fedha ijae kila mkunjo uliochongwa. Inamisha sarafu ya namna hii dirishani: uwanja unarudisha uso wako, na mnyama amesimama juu yake akiwa na kila mstari wa ngozi. Sanaa yote hiyo imo katika kimo kisichofika unene wa ukucha. Ndiyo maana inaniuma sana ninapoona imesuguliwa.

Mama mmoja aliniletea faru wa marehemu mumewe, amemfunga kwenye leso safi. Usiku uliotangulia alikuwa amemsugua kwa majivu na ndimu, kwa heshima, ili asije na kitu kichafu. Sarafu iling'aa kama sufuria mpya. Chini ya lenzi, ubavu wa faru ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba inayozunguka kufuata mwendo wa kidole.

Weusi ule aliouondoa haukuwa uchafu. Fedha ikikutana na salfa iliyo hewani hujenga utando mwembamba, kwanza wa manjano, kisha kahawia, mwishowe mweusi. Utando huo umetokana na fedha yenyewe, hivyo kuusugua ni kuisugua sarafu, na sehemu zilizoinuka ndizo zinazoanza kulika. Dawa ya meno ni msasa mlaini tu. Mpira wa manila, kitambaa cha sufu na mifuko laini ya plastiki inayonuka huharakisha uharibifu. Shika sarafu kwa ukingo, iweke kwenye kikasha kigumu kisicho na plastiki ya namna hiyo, mahali pakavu. Kwa walio Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina chumvi, hili si la kuahirisha.

Yule mama aliniuliza kama bado ina thamani. Nilimwambia uzani wa fedha uko pale pale, ila mkusanyaji atalipa pungufu. Kisha nikamwonyesha mwaka ulio kwenye sarafu, nikamweleza yaliyowapata faru wenyewe. Karibu na mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na faru weusi 65,000. Ilipofika katikati ya miaka ya tisini, kwa sababu ya ujangili wa pembe, walibaki chini ya 2,500. Leo wamepanda kupita 6,000. Aliitazama pembe kwa muda mrefu, akaifunga sarafu tena kwenye leso, akasema haiuzi.