Geji Isikupoteze Kericho

Apandaye kutoka Mombasa hadi Kericho au Bomet hukuta mvua za alasiri na baridi ya kuvalia koti. Lakini Januari, mawingu yakipasuka usiku, huziona Kilimia kaskazini na Suheli kusini ziking'aa juu ya mashamba ya chai. Mabaharia wetu walizijua nyota hizi kabla kamera haijaundwa. Mwenye kutaka kuzitia katika filamu ana mashaka mawili: mbingu huwa wazi kwa kitambo tu, na filamu nayo huchoka.

Picha ya mchana hupigwa kufumba na kufumbua. Picha ya nyota hafifu yaweza kutaka saa nzima, na mwanga ukija kidogo kidogo filamu hupungua wepesi wa kuupokea. Wachochezi wa uchovu huo ni unyevu na oksijeni vilivyomo ndani ya jelatini ya filamu. Ndipo miaka ya 1970 wataalamu wa nyota wakashika tiba hii: filamu hutiwa katika chombo cha chuma, hewa na unyevu huvutwa nje, kisha huingizwa naitrojeni yenye haidrojeni kidogo, aghalabu asilimia 8, na chombo kikapashwa moto wa wastani kwa saa nyingi. Filamu ya Kodak iitwayo Technical Pan ilisifika sana kwa tiba hii. Siku hizi haitengenezwi tena, na kamera za kidijitali zimeshika usukani. Lakini wapenzi wa filamu wangalipo.

Mtu wa nchi ya chai hatastaajabu. Kiwandani jani hunyaushwa kwanza, likapunguzwa maji, ndipo lisagwe. Filamu nayo hunyaushwa, ila kwa pampu.

Basi ni pampu ipi? Ya mkono haifikishi mbali. Ile ya maabara za shule, inayoendeshwa na maji ya bomba, haiwezi kushuka chini ya kani ya mvuke wa maji yenyewe: kwa joto la digrii 20, ni kiasi cha milimita 17 za zebaki. Itakaushaje unyevu kwa maji? Inayofaa ni pampu ya mafuta ya hatua mbili, ile ile wanayotumia mafundi wa friji. Hushuka chini ya milimita moja, na zaidi ya hapo ni kutupa fedha.

Hapa ndipo wengi hupotea. Geji ya kawaida haipimi hewa iliyobaki chomboni. Hupima tofauti yake na hewa ya nje. Mombasa, chombo kikiwa kitupu kabisa, mshale hufika karibu 760. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na mshale hukomea karibu 600 hata pampu iwe bora namna gani. Asiyejua hilo huitupa pampu nzima na kununua nyingine, na muuzaji hatamzuia, kwani mwamba ngoma huvutia kwake. Mwingine huona 580 akaridhika, kumbe zimebaki milimita 20 na unyevu haujatoka. Dawa ni geji inayohesabu kuanzia utupu wenyewe, kama ile ya mafundi wa friji inayosoma kwa maikroni. Hiyo husema kweli Pwani na Bara.

Yako na ya kuangaliwa. Funga vali kabla ya kuzima pampu, mvuke wa mafuta usije ukarudi kwenye filamu. Usitumie chupa ya kioo, yaweza kupasukia ndani. Haidrojeni tupu usiilete nyumbani, maana hulipuka. Hata iliyochanganywa itumike penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Filamu iliyotibiwa ifungwe kavu, iwekwe barafuni, kwani unyevu wa Kericho hauchelewi kuirudia.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kitu kimoja cha ziada asiitafutie pampu kubwa. Anunue geji ya kweli.