Je, Wajua? Vimondo kwenye mfarishi

Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona mfarishi ambao, pamoja na visa vya Biblia, unaonyesha maajabu ya anga. Picha moja ni ya mvua ya vimondo ya Novemba 13, 1833, iliyowafanya watu wadhani kiama kimefika. Harriet aliijua kwa kusimuliwa tu, maana alikuwa hajazaliwa. Nyingine ni ya Mei 19, 1780, eneo la New England, Marekani, lilipoingia giza mchana, yaelekea kwa moshi wa misitu iliyoungua. Nyota, watu na wanyama alivikata kutoka vitambaa, akavishonea juu ya kitambaa cha chini kwa mkono na kwa cherehani. Mfarishi huo wenye picha 15 umehifadhiwa Museum of Fine Arts, Boston.