FAHAMU JINSI KURA ZA WATAZAMAJI ZINAVYOMPATA MSHINDI WA MASHINDANO YA RUNINGA

Na Mwandishi Wetu – Muleba

Desemba 7, 2014, kijana wa Kitanzania Idris Sultan, mpiga picha aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitangazwa mshindi wa msimu wa tisa wa shindano la Big Brother Africa jijini Johannesburg, Afrika Kusini. Baada ya siku 63 ndani ya jumba lililojaa kamera, aliondoka na kitita cha Dola za Marekani 300,000.

Idris alikuwa Mtanzania wa pili kutwaa taji hilo. Mwaka 2007, Richard Bezuidenhout alishinda msimu wa pili na kupata Dola 100,000. Kabla yao, Mwisho Mwampamba alishika nafasi ya pili katika msimu wa kwanza wa mwaka 2003, nyuma ya Cherise Makubale wa Zambia.

Mwananchi wa Kata ya Buganguzi, Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, anayetumia salio la simu yake kumpigia kura mshiriki anayempenda, ana haki ya kufahamu kura hiyo inakwenda wapi na inahesabiwaje. Makala haya yanaeleza mambo yanayompa mshiriki ushindi, na yale ambayo mpiga kura anapaswa kuyajua kabla ya kutuma ujumbe wake.

Kanuni ya kuhesabu ndiyo msingi

Wengi hudhani kuwa mshindi ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake. Katika Big Brother Africa haikuwa hivyo. Kura zilihesabiwa nchi kwa nchi. Mshiriki aliyeongoza katika nchi fulani alipewa kura moja ya nchi hiyo, bila kujali kama alipigiwa na watu elfu moja au milioni moja. Nchi ambazo hazikuwa na washiriki zilikusanywa katika kundi moja, nalo likawa na kura yake moja.

Kanuni hiyo inaeleza matokeo ambayo wengi waliyashangaa. Mwaka 2013 taji lilikwenda kwa Dillish Mathews wa Namibia, nchi yenye watu takribani milioni 2.1 kwa mujibu wa Sensa yake ya mwaka 2011. Nigeria, nchi yenye watu wengi kuliko zote barani Afrika, ilikuwa na washiriki wawili katika fainali hiyo, lakini wingi wa watu wake ulizaa kura moja tu, sawa na ya Namibia.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza. Mshabiki wa Muleba aliyetuma ujumbe 20 kwa ajili ya Mtanzania mwaka 2014 hakuongeza chochote kwenye hesabu ya mwisho, iwapo Tanzania ilikwisha kuelemea upande wa kijana wake. Ndugu yake aliyeko Uganda au Rwanda, nchi zilizopakana na Kagera na zilizokuwa na washiriki msimu huo, ndiye aliyekuwa na nafasi ya kubadili matokeo. Ushindi ulitafutwa nje ya nyumbani.

Mshiriki anayekubalika na wasio wake

Kwa kuwa kura ya nyumbani ni moja, mshiriki hulazimika kupendwa na watu wasio na undugu naye, wasiozungumza lugha yake na ambao mwanzoni walikuwa na mshiriki wao wenyewe. Kila wiki baadhi ya washiriki hutolewa, na mashabiki wao hubaki bila mtu wa kumuunga mkono. Kura hizo hutafuta pa kwenda, na aghalabu haziendi kwa yule aliyegombana na mshiriki wao aliyeondoka.

Kwa sababu hiyo, mshiriki anayeanza kwa kishindo hupendwa na kundi lake, lakini hujijengea pia kundi la wanaosubiri aanguke. Mshiriki mtulivu, mcheshi, anayepika, anayesikiliza na kupatanisha wenzake, huweza kuanza nyuma na kumaliza mbele. Idris alifahamika jumbani kwa ucheshi wake, na baada ya shindano ucheshi huohuo ukawa kazi yake.

Hata hivyo, utulivu uliopitiliza nao huangusha. Ingawa kamera hufanya kazi saa 24, watazamaji wengi hufuatilia muhtasari wa kipindi kifupi cha jioni. Waandaaji huchagua matukio machache kati ya saa nyingi zilizorekodiwa. Asiyefanya jambo la kukumbukwa haonekani, na asiyeonekana hapigiwi kura. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika runinga, hata kizuri hakina budi kuonekana kwanza.

Hadithi ambayo mtazamaji anaitambua

Jambo jingine ni maisha ya mshiriki mwenyewe. Mtazamaji humpigia kura mtu ambaye ndani yake anajiona yeye, mwanawe au jirani yake. Hapa nchini, kipindi cha Maisha Plus kilichoanza mwaka 2009 kiliwaweka vijana katika mazingira ya kijiji, wakalima, wakateka maji na kupika kwa kuni, kazi ambazo kaya nyingi za vijijini huzifanya kila siku.

Baadaye kijiji hicho kiliwapokea pia wanawake wakulima wadogo kupitia shindano la Mama Shujaa wa Chakula, lililoanzishwa na shirika la Oxfam mwaka 2011. Miongoni mwa washindi wake ni Martha Waziri, mkulima wa Mkoa wa Dodoma aliyefahamika kwa kufufua ardhi iliyoharibiwa na mmomonyoko. Wanawake hao hawakuwa na majina makubwa wala mavazi ya gharama. Walichokuwa nacho ni kazi ambayo mtazamaji aliweza kuipima kwa jembe lake mwenyewe.

Kura ya runinga si kura ya uchaguzi

Ni muhimu wananchi watofautishe kura hizi mbili. Katika uchaguzi wa viongozi, kila mpiga kura ana kura moja, ni siri, hailipiwi, na ni kosa kisheria kuinunua au kuiuza. Katika mashindano mengi ya runinga, mtu mmoja huruhusiwa kupiga kura mara nyingi, na kila ujumbe una gharama yake. Kwa hiyo, matokeo ya runinga hayaonyeshi tu idadi ya wanaompenda mshiriki, bali pia nani ana mashabiki wenye uwezo na utayari wa kulipa.

Kabla ya kupiga kura, mwananchi anashauriwa kusoma masharti ya shindano na kupata majibu ya maswali manne: ujumbe mmoja unagharimu kiasi gani, mtu mmoja anaruhusiwa kura ngapi, upigaji kura unafungwa saa ngapi, na je, uamuzi ni wa watazamaji peke yao au majaji nao wana sehemu. Kura iliyotumwa baada ya muda kufungwa haimsaidii mshiriki, na mtumaji anaweza kuwa ameilipia.

Aidha, wananchi wajihadhari na matapeli wanaotumia majina ya mashindano maarufu kutuma ujumbe wa kudai kuwa mpokeaji ameshinda zawadi na anatakiwa kutanguliza fedha ili aipate. Mtu hawezi kushinda shindano ambalo hakushiriki. Anayepokea ujumbe wa aina hiyo asitume fedha wala kutoa namba yake ya siri, na atoe taarifa kwa kutuma namba iliyotumika kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu.

Anayekosa kura hajakosa kipaji

Kwa vijana wa Buganguzi na kwingineko wanaotamani kushiriki, na kwa wazazi wanaouza kahawa au ndizi ili kuwachangia nauli na kura, ni vyema kujua kuwa matokeo ya shindano si kipimo cha mwisho cha uwezo wa mtu. Peter Msechu alimaliza nafasi ya pili katika Tusker Project Fame mwaka 2010, nyuma ya Davis Ntare wa Uganda, lakini aliendelea na kazi ya muziki na jina lake likabaki kuwa miongoni mwa yanayofahamika nchini.

Taji hutolewa kwa hesabu za siku moja, chini ya kanuni zilizowekwa na waandaaji. Anayezifahamu kanuni hizo atamuunga mkono mshiriki wake kwa busara, atalinda fedha zake, na mshiriki huyo akirudi bila taji, atampokea bila lawama.