Wanyamapori Waliojeruhiwa Wakati wa Kipupwe, Sehemu ya Pili: Saa za Kwanza na Safari ya Kituoni

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba, mvua hukatika katika milima ya Kabobo, mashariki mwa Kongo, na upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika. Mchana jua huwaka, lakini usiku baridi hushuka kutoka vileleni hadi mabondeni, pamoja na bonde la mto Kiymbi, ambao maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Bendera. Nyasi hukauka, vijito vidogo hupungua, na matunda ya msituni huwa haba. Wanyama husogea karibu na maji na mashamba, na huko hukutana na watu, mbwa, moto wa kuchoma nyika na mitego ya waya. Mnyama anayejeruhiwa wakati huu hupigana na mambo matatu kwa pamoja: jeraha lenyewe, kiu, na baridi ya usiku. Mara nyingi hilo la tatu ndilo linalomaliza maisha yake, ingawa ndilo lisiloonekana kwa macho.

Milima hii ina utajiri wa pekee. Mwaka 2007 watafiti waliofika huko baada ya miaka mingi ya vita walikuta spishi sita ambazo sayansi ilikuwa haizijui: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Kuna sokwe, na kuna mbega wa aina ambayo makazi yake ni Kabobo tu. Mwaka 2016 msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya asili. Kwa hiyo mbega mmoja anayekufa kwa kidonda kilichoweza kutibiwa ni hasara kwa aina nzima.

Mtego unaojeruhi wengi ni kitanzi cha waya. Waya wa breki ya baiskeli au pikipiki hufungwa kwenye mti uliopindwa. Mnyama akikanyaga, mti hujinyoosha na kitanzi hukaza. Kwa kawaida hutegwa kwa ajili ya funo na nguruwe pori, lakini waya hauchagui. Katika msitu wa Budongo nchini Uganda, ambako sokwe wamechunguzwa kwa miongo kadhaa, takriban theluthi moja ya sokwe wa kundi la Sonso wana ulemavu wa mkono au mguu uliotokana na mitego. Sokwe mzima aliyenaswa hasogelewi na mtu asiye na mafunzo. Ana nguvu kupita mtu yeyote, na maumivu humwondolea woga. Kazi ya mwanakijiji hapo ni kuwazuia watu na mbwa, kupeleka habari kwa walinzi wa hifadhi, na kusubiri daktari wa wanyama mwenye dawa ya usingizi. Waya hukatwa kwa koleo, hauvutwi, kwa sababu huwa umezama ndani ya nyama na kuuvuta huchana mishipa ya damu.

Kwa wanyama wadogo, ambao mtu anaweza kuwabeba, utaratibu ni mmoja na haupaswi kugeuzwa: joto kwanza, maji baadaye, chakula mwisho. Mwili uliopoa hupeleka damu kidogo sana tumboni. Maziwa au uji ukiingia humo hausagwi. Huchacha, hufura, na mnyama hufa akiwa ameshiba. Wema wa haraka wa kumlisha kima mdogo anayetetemeka umeua wengi ambao wangepona. Chupa ya maji ya uvuguvugu ikifungwa kwa kitenge na kuwekwa ubavuni mwake inatosha. Kumweka karibu na moto ni hatari, maana ngozi huungua kabla ya kiini cha mwili kupata joto, na moshi huharibu mapafu yaliyokwisha kudhoofika. Mtetemo ukiisha na mnyama akaweza kuinua kichwa, hupewa maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, yaleyale yanayotengenezwa kwa mtoto mwenye kuhara: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyama aliyezimia hamwagiwi kitu chochote kinywani, kwa kuwa maji huenda mapafuni.

Kidonda husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja. Majivu, ugoro na mafuta ya gari, ambavyo bado hutumika katika vijiji vingi, huunguza nyama iliyo hai na kuchelewesha kupona. Vivyo hivyo kidonda cha moto: hupozwa kwa maji safi na kufunikwa kwa kitambaa safi, bila mafuta ya kupikia.

Swala wadogo kama funo na pongo wanahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa kifo chao hushangaza watu. Funo aliyefukuzwa na mbwa anaweza kuokolewa bila jeraha kubwa, akasimama, akaonekana mzima, kisha akafa siku ya pili au ya tatu. Hofu na mbio za kupita kiasi huvunja nyuzi za misuli. Sumu inayotoka humo huingia katika damu na kuziba figo, na mkojo hubadilika rangi kuwa kahawia. Hakuna dawa ya uhakika. Kinga ni utulivu tu: macho yafunikwe kwa kitambaa, watoto na mbwa waondolewe, sauti zizimwe. Halazwi ubavu. Hukalishwa kifudifudi na miguu imekunjwa chini yake, kwa sababu swala hucheua, na akilala ubavu hewa hujaa tumboni na kumbana mapafu. Umati unaokusanyika kumtazama ndio unaomuua.

Kobe, kinyonga na chatu hawana joto lao wenyewe. Wakipoa, hata dawa waliyopewa haifanyi kazi ipasavyo, kwani mwili hauisambazi. Daktari mwenye uzoefu humpasha chatu joto kwanza, mahali penye jua na kivuli ili ajichagulie mwenyewe, ndipo aanze matibabu. Ndege huwekwa ndani ya boksi la karatasi lenye matundu, gizani, pasipo kelele. Giza hushusha mapigo ya moyo wake. Bundi anastahili kutajwa kwa jina, kwa kuwa hupigwa mawe kwa kudhaniwa kuwa mjumbe wa wachawi, na hali ndiye mlaji mkubwa wa panya katika mashamba ya mahindi. Kasuku wa kijivu ana shida nyingine: wafanyabiashara humkata manyoya ya mabawa. Tangu mkutano wa mwaka 2016 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imekatazwa, lakini ndege aliyekwisha kukatwa anaweza kuhitaji mwaka mzima au zaidi ili manyoya mapya yaote.

Mgonjwa mgumu kuliko wote ni mtoto wa sokwe. Porini hunyonya kwa miaka minne au mitano, na usiku hulala kifuani mwa mama katika kiota kimoja. Anapofika mikononi mwa mtu, karibu kila mara mama yake ameuawa, na mara nyingi jamaa wengine waliojaribu kumtetea nao wameuawa. Baridi ya kipupwe humpata mtoto huyu akiwa hana blanketi pekee alilolijua. Kumfunga kamba nje ya nyumba usiku wa Julai ni kumhukumu kifo. Anahitaji kifua cha mtu mmoja, si kupokezana, na maziwa ya unga ya watoto wachanga, akinyonya huku amesimamishwa wima. Mwaka 2007 mtoto wa ngila aitwaye Ndakasi, mwenye miezi miwili, alikutwa katika hifadhi ya Virunga ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Mlinzi André Bauma alimkumbatia kifuani ili apate joto. Ndakasi aliishi hadi 26 Septemba 2021, akafia mikononi mwa mtu yuleyule.

Ukaribu huo una masharti. Mtu mwenye mafua asimguse sokwe. Mwaka 2013, katika kundi la Kanyawara kwenye msitu wa Kibale, Uganda, kirusi cha mafua ambacho kwa binadamu ni jambo la siku chache kiliua sokwe 5 kati ya 56. Magonjwa huvuka pia kutoka upande wa pili. Homa ya nyani ilitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza nchini Kongo, Basankusu, mwaka 1970, na aina mpya iliibuka Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023. Kichaa cha mbwa na Ebola vinajulikana vya kutosha. Glavu, barakoa, sabuni na maji ni sehemu ya matibabu. Aliyeng'atwa huosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitalini siku hiyohiyo.

Baada ya saa za kwanza, mnyama hana budi kuondoka kijijini. Sheria namba 14/003 ya 11 Februari 2014 inawalinda wanyama hawa, na mamlaka yenye dhamana ni ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi. Kutoka Kalemie, mji ulio kando ya ziwa, kuna njia mbili. Ya kaskazini hufuata ziwa hadi Uvira, kisha hupanda kupitia Bukavu kwenda Lwiro, eneo la Kabare, ambako ICCN na kituo cha utafiti cha CRSN walifungua kituo cha nyani na sokwe mwaka 2002. Leo kina sokwe zaidi ya 100. Ya kusini huelekea Lubumbashi, kwenye kituo cha J.A.C.K. kilichoanzishwa mwaka 2006. Njia zote mbili ni ndefu, na vita vilivyofika Bukavu Februari 2025 vimeifanya ya kwanza kuwa ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo kila kilichoelezwa hapo juu kuhusu joto, maji na utulivu kina uzito mkubwa Bendera kuliko mahali palipo karibu na daktari.

Kituoni, mgeni hutengwa kwa siku 90 hivi, akipimwa kifua kikuu, minyoo na homa za ini. Kisha huingizwa polepole katika kundi. Sokwe yatima hujifunza kwa wenzake kupanda, kutengeneza kiota na kumtambua mkubwa. Binadamu hawezi kumfundisha hayo. Kurudi porini ni nadra, kwa kuwa panahitajika msitu wenye ulinzi, wenye chakula, na usio na kundi la wenyeji litakalomuua mgeni. Hata hivyo inawezekana: Oktoba 2024, ngila wanne wa kike waliolelewa katika kituo cha GRACE walifunguliwa mlimani Tshiabirimu, ndani ya Virunga, wakaishi na wenzao wa porini. Funo, ndege na kobe hupona haraka zaidi, na wakipona hurudishwa walikotoka, asubuhi, ili wapate joto la mchana kabla ya usiku wao wa kwanza.

Anayemkuta mtoto wa sokwe au kasuku sokoni asimnunue hata kwa huruma, maana pesa hiyo hugharimia mtego mwingine. Apeleke habari kwa ICCN siku hiyohiyo, kabla ya usiku kuingia.