Bangi mfukoni, dhamana kwenye karatasi

Tarehe 2 Septemba 2025, Cour de cassation, mahakama ya mwisho ya rufaa mjini Kinshasa, ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu kwa kufuja dola milioni 19. Fedha hizo zilikusudiwa gereza jipya la Kisangani, na zilitoka kwenye fidia ambayo Uganda iliilipa Kongo. Wakazi wa mji huo waliopigwa mabomu katika vita vya siku sita kati ya majeshi ya Uganda na Rwanda, Juni 2000, walikuwa na haki ya kung'aka: fidia ya wafiwa inageukaje kuta za gereza? Wachache waliuliza nani angewekwa humo.

Jibu si gumu. Katika magereza ya Kongo, wengi wa waliomo ni mahabusu ambao kesi zao hazijahukumiwa. Makala, gereza la Kinshasa lililojengwa kwa watu 1,500, lilikuwa na takriban 15,000 usiku ule wa Septemba 2024 ambapo zaidi ya watu 120 walikufa katika jaribio la kutoroka.

Tuseme kijana wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, anasimamishwa usiku huko Mangobo, Kisangani, anapekuliwa, anakutwa na misokoto miwili ya bangi. Kosa hilo ni la zamani: Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold wa Pili lilipiga bangi marufuku tangu 1903. Kwa mujibu wa Katiba, polisi hawaruhusiwi kumshika zaidi ya saa 48. Akifika parke, yaani ofisi ya mashtaka, mwendesha mashtaka anaweza kumtolea hati ya kumkamata kwa muda, yenye nguvu ya siku 5. Hakimu wa tribunal de paix (mahakama ya mwanzo), akiwa chumbani bila wasikilizaji, huweza kuidhinisha azuiliwe siku 15, kisha mwezi, kisha mwezi tena. Huko nje mama yake anabeba sufuria ya sombe (kisamvu) kila mara, maana anayetegemea chakula cha gereza peke yake hukonda haraka.

Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya 6 Agosti 1959 inasema waziwazi kwamba kizuizi ni hatua ya pekee, si kawaida. Inampa mtuhumiwa ruhusa ya kuomba aachiwe kwa muda, akiweka kiasi cha fedha kwa karani wa mahakama kama amana ya kurudi kwake. Hakimu anaweza kuongeza masharti: asitoke eneo fulani, aripoti kwa tarehe alizopangiwa, asikanyage bandarini. Kwa Kisangani, mji ulio ukingoni mwa mto Kongo, hilo la bandari lina uzito wake.

Mahakimu wanaosita kutoa dhamana hiyo wana hoja. Nchini Kenya ndugu wa familia ya Akasha, walanguzi wa dawa za kulevya waliokamatwa Mombasa Novemba 2014, walipata dhamana na kuendelea na biashara. Baadaye, mbele ya mahakama ya New York, walikiri kuwahonga maafisa. Lakini huo ulikuwa mtandao wa heroini. Sheria ya Tanzania huwanyima dhamana wanaosafirisha kiasi kikubwa cha dawa za kulevya, si mtu aliyekutwa na kiasi kidogo. Ndiyo maana mwigizaji Wema Sepetu, aliyeshtakiwa Februari 2017 kwa bangi ya gramu moja hivi, alidhaminiwa katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, akahudhuria kesi hadi Julai 2018, akatozwa faini ya shilingi milioni 2. Hakutoroka. Ni kweli alikuwa na jina na mawakili.

Kijana wetu wa Mangobo hana wakili, na huenda hajui kwamba ombi la kuachiwa kwa dhamana anaweza kulitoa kwa mdomo wake mwenyewe, siku ile ile anapofikishwa kwa hakimu. Familia nayo mara nyingi huambiwa "fanyeni kitu", bila kuambiwa kitu gani. Fedha ya dhamana halali hutajwa katika uamuzi wa hakimu, hupokelewa na karani, na hutolewa risiti. Pesa inayoombwa ukumbini, bila risiti, ni hongo, hata kama aliyeiomba amevaa joho.