Tukimhukumu Mzazi kwa Picha Moja

Agosti 2015 watoto watatu walisemwa sana, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na umri wa kujisemea. Wa kwanza ni binti wa David Beckham, mwenye miaka 4. Gazeti la Uingereza, Daily Mail, lilichapisha picha zake akiwa na chuchu ya bandia mdomoni, na mjadala ukawa juu ya meno yake na usemi wake. Beckham alijibu kwa hasira kupitia Instagram kwamba mtoto akiwa na homa au asipojisikia vizuri mzazi hufanya kile kinachomtuliza, na asiyejua undani wa jambo hana haki ya kumlaumu. Siku chache baadaye Kasri la Kensington lilitoa barua ya wazi kuhusu wapigapicha waliokuwa wakimwinda mwanamfalme George, mtoto wa miaka 2. Wa tatu alizaliwa mwezi huohuo huku kwetu, binti wa Diamond Platnumz na Zari Hassan. Kabla hajajua kutembea alikuwa na ukurasa wake wa Instagram, na chini ya kila picha watu wazima walibishana juu ya nguo, nywele na malezi yake.

Miaka imepita, lakini mazoea hayajapungua. Mwanamuziki akionekana na mtoto aliyelala begani saa nne usiku, waziri akimpeleka mwanawe shule ya bweni, mke wa mchezaji akimnywesha mtoto maziwa ya kopo, hukumu hutoka kabla ya chai kupoa. Kazi yangu ni makuzi ya watoto, na ninataka kueleza kwa nini hukumu za namna hii huwa hazina ushahidi wa kutosha, na kwa nini anayezilipia ni mtoto kuliko mzazi.

Tuanze na ile chuchu ya bandia. Ni kweli kwamba ikitumika kwa miaka mingi inaweza kusogeza meno na kubadilisha umbo la kaakaa, na madaktari wa meno hushauri iachwe mtoto anapokaribia miaka 3 au 4. Lakini daktari anayejua kazi yake huuliza kwanza: anainyonya mara ngapi kwa siku? Kwa muda gani? Ananyonya kwa nguvu, au ipo tu mdomoni? Ni ya kulalia, ya safarini, au kutwa nzima? Mtoto anayeirudia kwa siku mbili kwa sababu ana homa hayuko sawa na yule asiyeitoa mdomoni tangu asubuhi. Kati ya maswali hayo yote, picha haijibu hata moja.

Jambo hili tulijifunza mapema, tena hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akifuatilia familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Alizitembelea familia hizo kila baada ya wiki mbili, akakaa nazo takriban saa mbili kila mara, kwa miezi mingi. Alitazama mtoto analia lini na anamlilia nani, mama anaitikia vipi, nani mwingine anambeba, mtoto hufanya nini mama akitoka nje na akirudi. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na kazi hiyo ni mojawapo ya misingi ya elimu tuliyonayo leo kuhusu mapenzi na tegemeo la mtoto kwa mlezi wake. Mtaalamu wa kiwango chake alihitaji miezi ya kukaa uani na sebuleni mwa watu ndipo aseme chochote juu ya mama na mwanawe. Sisi tunaridhika na sekunde moja iliyonaswa na kamera nje ya uwanja wa ndege.

Tena sekunde hiyo ina uwezekano mkubwa wa kutupotosha. Mtafiti Edward Tronick alirekodi akina mama wakicheza na watoto wao wachanga ana kwa ana, kisha akachambua mikanda hiyo kipande kwa kipande. Alikuta kwamba hata mama na mtoto wanaopatana vizuri hulandana kwa takriban theluthi moja tu ya muda wao. Muda uliobaki wanapishana: mtoto anageuza uso, mama anazidi kumchekesha, mtoto anachoka, mama anatambua, anatulia, wanaanza tena. Kurudiana huko baada ya kupishana ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba mlezi wake anaaminika. Sasa mpigapicha apige wakati wowote ule. Ana nafasi kubwa zaidi ya kuwakuta wamepishana kuliko wamelandana: mama anatazama simu, mtoto analia, baba amekunja uso. Picha ni ya kweli, na mzazi ni mwema, na bado picha hiyo itatumika kuthibitisha kwamba hafai. Hili ndilo ninalotamani kila msomaji alishike kuliko mengine yote katika makala haya, kwa sababu linamhusu yeye pia. Hakuna mzazi ambaye siku yake haina picha kumi za kumwaibisha.

Mbona basi tunaamini haraka hivyo? Akili zetu zina kasoro moja iliyochunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris walichapisha utafiti ambamo watu walisomeshwa insha kuhusu Fidel Castro. Wasomaji wengine waliambiwa waziwazi kwamba mwandishi hakuchagua upande, alipangiwa cha kuandika. Hata hivyo, aliyeandika kumsifu Castro walimwona kuwa ni mtu anayempenda Castro kweli. Yaani tunaona tendo, tunasahau mazingira yaliyolizaa, tunatoa cheti cha tabia. Baba akimfokea mwanawe dukani tunasema ni mkali. Hatuulizi mtoto huyo alikuwa amekimbilia barabarani dakika moja iliyopita, au baba huyo hajalala kwa usiku wa tatu kwa sababu ya mgonjwa nyumbani.

Kuna utafiti mwingine unaogusa malezi moja kwa moja. Mwaka 2016 Ashley Thomas, Kyle Stanford na Barbara Sarnecka wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwapa watu visa vya mtoto aliyebaki peke yake kwa muda. Mtoto yuleyule, mahali palepale, dakika zilezile. Kilichobadilika ni sababu ya mzazi kutokuwepo: amepata ajali akapoteza fahamu, yuko kazini, amekwenda kujitolea, anapumzika, au amekwenda kwa mpenzi wa siri. Watu waliulizwa mtoto yuko hatarini kiasi gani. Mzazi aliyekwenda kwa mpenzi alimfanya mtoto aonekane yuko hatarini zaidi kuliko mzazi aliyegongwa na gari, ingawa hatari yenyewe haikubadilika hata kidogo. Tunaanza kwa kutompenda mzazi, ndipo tunaiona hatari. Na baba aliyekuwa kazini hakuonekana kumhatarisha mtoto zaidi ya yule aliyepatwa na ajali, ilhali mama aliyekuwa kazini alionekana kumhatarisha.

Ukilishika hilo utaelewa kwa nini lawama nyingi huangukia akina mama. Beckham alisemwa, ni kweli, lakini baba maarufu akionekana na mtoto mgongoni kwa kawaida hupigiwa makofi. Mama akionekana vilevile, watu hukagua mkao wa shingo ya mtoto. Julai 2019 Meghan, mke wa mwanamfalme Harry, alikwenda na mwanawe wa miezi miwili kutazama mchezo wa polo nchini Uingereza, na namna alivyompakata ikajadiliwa na watu wengi kana kwamba ni kosa la jinai. Alikuwa mama wa mtoto wa kwanza. Ambaye hajawahi kumpakata mtoto vibaya mbele za watu katika miezi ile ya mwanzo, basi hakuwa na mtoto.

Sisemi kwamba watu maarufu wasiguswe. Novemba 2002 Michael Jackson alimning'iniza mwanawe mchanga nje ya roshani ya hoteli mjini Berlin, na baadaye mwenyewe akakiri kwamba lilikuwa kosa kubwa. Januari 2004 Steve Irwin, yule Mwaustralia wa vipindi vya wanyama, alimlisha mamba kwa mkono mmoja huku mwingine umembeba mwanawe wa mwezi mmoja. Hapo hatari ilikuwa mbele ya macho, haikuhitaji historia ya familia, na watu walikuwa na haki ya kushtuka. Mtoto mchanga aliyepakatwa kwenye kiti cha mbele cha gari linalokwenda kasi yuko hatarini, awe wa mbunge au wa dereva wa bodaboda, na kulisema hilo ni wajibu. Hatari ya kifo au ya kuumia, kipigo, njaa, kudhalilishwa: haya yana viwango vinavyojulikana. Nywele, jina, shule, lugha anayozungumza nyumbani, yaya wangapi wanamlea, analala kitanda cha nani, hayo ni mitindo, na mitindo ya kulea watoto wakakua salama ni mingi mno.

Turudi kwa mtoto, maana yeye ndiye anayesahaulika. Barua ile ya Kensington ilieleza jinsi polisi walivyomkuta mpigapicha amelala kwenye buti la gari lililoegeshwa karibu na uwanja wa michezo ya watoto. Alikuwa ametundika mashuka ndani ya gari na kujiwekea chakula cha kutwa nzima, akimvizia mtoto wa miaka 2. Soko la picha ile halikuanzishwa na yule bwana peke yake. Lilianzishwa na hamu ya watu ya kumwona mtoto na kusema neno.

Mahakama zimeanza kumwona mtoto kuwa ni mtu mwenye haki zake. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mtoto wa mwandishi J.K. Rowling, aliyepigwa picha kwa siri akiwa kwenye kigari cha kusukuma mjini Edinburgh. Mahakama ilikubali kwamba mtoto anaweza kuwa na haki ya faragha inayojitegemea, hata kama mzazi wake ni maarufu. Mwaka 2013 jimbo la California, baada ya waigizaji Halle Berry na Jennifer Garner kutoa ushuhuda mbele ya wabunge, liliongeza adhabu kwa wanaowasumbua watoto kwa sababu ya kazi za wazazi wao. Kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010 katika ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto yapewe umuhimu wa kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inayatanguliza vivyo hivyo. Mtoto wa staa hajatajwa kuwa nje ya sheria hizo.

Haki hiyo inawabana wazazi nao. Mzazi anayemfungulia mtoto ukurasa, akamvalisha nguo za mdhamini na kupokea malipo, amemfanya mwanawe mfanyakazi. Ufaransa ililiona hilo mwaka 2020 ikatunga sheria ya kusimamia kazi za watoto wa chini ya miaka 16 mitandaoni na mapato yao. Swali la kumuuliza mzazi wa namna hiyo ni zito: fedha ya mtoto inawekwa wapi, anafanya kazi saa ngapi, anaruhusiwa kukataa? Maswali haya ni halali kabisa kuulizwa hadharani, na yana manufaa kwa mtoto kuliko maoni elfu moja juu ya uzito wake au rangi yake.

Hukumu hizi, zaidi ya hayo, hazibaki kwa mastaa. Mwaka 2017 hospitali ya watoto ya C.S. Mott, ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliwauliza akina mama wa Marekani wenye watoto wa miaka 5 kushuka chini kama wamewahi kukosolewa kuhusu malezi. Asilimia 61 walisema ndiyo. Waliotajwa zaidi kuwa wakosoaji ni wazazi wao wenyewe, kwa asilimia 37, wakifuatwa na wenza wao na wakwe. Mitandao ya kijamii ilitajwa na asilimia 7 tu. Ninasadiki kwamba kwetu, ambako bibi, shangazi na wifi wana sauti kubwa zaidi ndani ya nyumba, mzigo huo si mwepesi. Binti aliyejifungua majuzi anakaa sebuleni akisikiliza jamaa wakimchambua mwigizaji kwa sababu mwanawe ananyonyeshwa chupa. Hakutajwa yeye, lakini amesikia. Akifika kliniki atamwambia muuguzi kwamba mtoto ananyonya tu, hajapewa kitu kingine, kwa sababu amejifunza kwamba ukweli huleta aibu. Muuguzi anampa ushauri usiolingana na hali yake, na mtoto anaendelea kupungua uzito kwenye kadi. Katika kazi hii, hakuna kinachotuzuia kumsaidia mtoto kama mama anayeogopa kusema.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wangu: ukiiona picha ya mtoto wa mtu maarufu na ukahisi ulimi unawasha, jiulize kama kuna hatari unayoweza kuitaja kwa jina. Kama haipo, usiandike, wala usiisambaze picha. Na kama moyo wako unawahangaikia watoto kweli, mtazame yule unayeweza kumwona kila siku: wa jirani, wa mpangaji mwenzako, wa ndugu yako. Huyo unajua kama anakula, kama anakwenda shule, kama ana alama za kipigo mwilini. Ukiona yuko hatarini, Tanzania na Kenya zote zina huduma ya simu kwa watoto kwa namba 116, na kuipiga ni bure.