Stima Ikipotea Wadini, Pumzi ya Mgonjwa Imo Mikononi mwa Nani?

Na MWANDISHI WETU

ILIKUWA Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, yapata saa nne kasorobo, stima ilipopotea karibu Kenya nzima kwa mpigo mmoja. Sehemu nyingi hazikuiona tena hadi siku ya pili. Majumbani watu walitafuta mishumaa na koroboi, na wasiokuwa na chochote wakaenda kulala. Kule Nairobi, abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta walijikuta gizani baada ya jenereta kukataa kuwaka, na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Bw. Kipchumba Murkomen, akalazimika kuuomba umma radhi.

Mzozo juu ya chanzo uliendelea kwa siku kadhaa. Serikali ilinyoshea kidole mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, nao wenye mitambo wakajibu kwamba hitilafu ilianzia kwenye gridi yenyewe. Lakini kwa mzazi ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa usiku huo, swali halikuwa nani alaumiwe. Abiria akikosa stima huchelewa safari. Mgonjwa anayepumulia mashine akikosa stima, je, atangoje nini?

Hilo ndilo swali tunalolichambua leo, kwa kuwa ni familia chache hapa Eldoret ambazo hazijawahi kuwa na mgonjwa katika wadi. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanza zaidi ya karne moja iliyopita kama hospitali ndogo, leo ndiyo ya pili kwa ukubwa miongoni mwa hospitali za rufaa za taifa. Hupokea wagonjwa kutoka Bonde la Ufa, magharibi ya Kenya na hata nchi jirani. Kuizunguka kuna hospitali za kibinafsi, vituo vya afya na zahanati tele, na zote hutegemea waya zile zile.

KIMBUNGA HAKIFIKI, GIZA HUFIKA

Wataalamu wa hali ya hewa hutuambia kwamba kimbunga cha bahari huhitaji mambo mawili makubwa: maji yenye joto, na nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno. Ndiyo maana kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, na kimbunga Hidaya kikatua pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, lakini Eldoret, iliyo juu ya ikweta kidogo tu na mamia ya kilomita kutoka baharini, haina hofu hiyo.

Hata hivyo tuna misukosuko yetu. Yeyote aishiye kati ya Nandi, Kericho na Uasin Gishu anaijua mvua ya mawe na ngurumo za alasiri. Mkaratusi mmoja ukiangukia waya, mtaa mzima huingia gizani. Tena kuna hitilafu za mbali. Stima inayotufikia hupitia kituo cha Lessos, ambako hukutana njia za kutoka bwawa la Turkwel lenye megawati 106, kutoka Olkaria na kutoka Uganda kupitia Tororo. Mitambo yote ya nchi imefungwa pamoja kama wavu mmoja, na uzi mmoja ukivutwa kwa nguvu wavu wote hutikisika. Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikazimika. Tumbili mwenyewe alitoka salama.

SEKUNDE KUMI ZA KWANZA

Je, ni nini hutokea hospitalini taa zinapozimika? Katika hospitali iliyojiandaa vyema, kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni betri zilizo ndani ya mashine zenyewe, au kando yake, ambazo hushika kazi papo hapo. Ya pili ni jenereta, ambayo swichi maalumu huiwasha bila kusubiri mtu. Viwango vinavyotumika Marekani hutaka sehemu nyeti, kama chumba cha upasuaji na cha wagonjwa mahututi, zirudishiwe stima kwa muda usiozidi sekunde 10.

Jenereta haibebi kila kitu. Hospitali nyingi hutenga soketi chache, aghalabu za rangi tofauti, zinazoendelea kupata stima ya dharura. Mashine ya kupumulia huchomekwa hapo. Ndugu anayekuja kumjulia hali mgonjwa, akaona soketi nyekundu na kuchomeka simu yake, huenda asijue kwamba ameziba nafasi ya uhai wa mtu. Tumwombe sista kwanza.

Ngazi ya tatu ni mikono. Betri ya mashine ya kupumulia yaweza kudumu nusu saa au saa kadhaa, kutegemea aina yake na umri wake. Ikiisha kabla jenereta haijawaka, muuguzi huchomoa bomba na kuunganisha mfuko wa mpira unaoninginia kando ya kitanda. Huuminya kwa mkono, hewa ikaingia, akauachia, hewa ikatoka. Mtu mzima huhitaji pumzi moja kila baada ya sekunde tano au sita. Mtoto mchanga huhitaji kati ya 40 na 60 kwa dakika. Hebu jaribu kufunga na kufungua kiganja kwa mwendo huo kwa robo saa tu, ndipo utaelewa kwa nini kazi hiyo hufanywa kwa zamu.

Hata mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo ina siri yake. Wakati wowote damu ya mgonjwa, yaweza kufika karibu robo lita, huwa nje ya mwili ikizunguka katika mirija. Stima ikipotea na betri ikiisha, kuna kipini cha kuzungushwa kwa mkono, polepole, hadi damu irudi kwa mwenyewe.

HEWA NYEPESI YA ELDORET

Kuna jambo moja ambalo mji wetu hulijua zaidi ya mingine. Eldoret ipo mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila pumzi, mtu wa hapa hupata oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano akilinganishwa na mwenzake wa Mombasa. Hewa hiyo nyepesi, ambayo huko Iten huwajenga wanariadha wanaotuletea medali, humnyima nafasi mtoto mwenye nimonia. Kwake oksijeni haiwezi kukatika hata kidogo.

Oksijeni hutoka njia mbili kuu. Kuna mashine inayochuja hewa ya kawaida, ambayo stima ikipotea hunyamaza mara moja. Na kuna mtungi, ambao hauhitaji stima. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukimpa mgonjwa lita tano kwa dakika, hudumu takriban saa 22. Kwa hivyo hospitali yenye mashine mpya lakini isiyo na mtungi uliojaa kando yake imenunua nusu ya usalama. Vivyo hivyo kwa familia zinazomtunza mgonjwa nyumbani kwa mashine ya oksijeni: mtungi wa akiba si anasa.

KIFUA CHA MAMA HAKIZIMIKI

Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia ndio wa kwanza kuathiriwa na giza, kwa kuwa miili yao haiwezi kujihifadhia joto. Hulazwa katika kisanduku cha kioo chenye joto la stima, ambacho wauguzi hukiita inkubeta. Kikizimika, kisanduku hicho huanza kupoa, na usiku wa Eldoret mwezi wa Julai si wa kuchezewa.

Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, hospitali moja ilikuwa na watoto wengi kuliko visanduku. Daktari Edgar Rey akawaagiza akina mama wawafunge watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Wengi waliona ni njia ya maskini. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya watoto wenye uzani mdogo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa nane hadi 24 kila siku.

Basi mama uliye na mtoto wa aina hiyo, usingoje giza ndipo uulize. Mwombe muuguzi akuonyeshe mapema namna ya kumfunga. Baba pia anaweza. Kifua cha baba kina joto lile lile, na hakuna mila inayovunjwa kwa kumwokoa mwana.

DIZELI, NGAZI NA WALINZI WA USIKU

Waliopitia vimbunga vya kweli wametuachia funzo. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, Marekani, Agosti 29, 2005, hospitali ya Memorial ilikuwa na jenereta. Tatizo ni kwamba baadhi ya swichi zake zilikuwa chini, maji ya mafuriko yalikofika. Siku mbili baadaye jenereta zilinyamaza. Lifti zikasimama, joto likapanda, na baada ya yote kwisha miili 45 ilitolewa humo.

Miaka saba baadaye, Oktoba 29, 2012, kimbunga Sandy kiliingiza maji katika ghorofa ya chini ya hospitali ya NYU Langone mjini New York. Stima ya akiba ikakatika. Wagonjwa zaidi ya 300 walihamishwa usiku ule, miongoni mwao watoto wachanga 20 waliokuwa katika uangalizi maalumu. Wauguzi waliteremka nao ngazi za ghorofa tisa gizani, wengine wakiminya mifuko ya hewa kila hatua. Tofauti na Memorial, walikuwa na mahali pa kuwapeleka, na watu wa kutosha wa kuwabeba.

Nasi pia tumewahi kufungiwa. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoufunga mji kwa vizuizi vya barabarani, majeruhi walifurika katika hospitali ya rufaa huku wafanyakazi wengi wakishindwa kufika kazini. Siku zile zilitukumbusha kwamba hospitali si majengo. Ni muuguzi wa zamu anayebaki kwa kuwa wa kumpokea hajafika, ni mpishi, ni dereva, ni fundi wa jenereta.

Tena tusisahau mafuta. Bomba la mafuta kutoka pwani huishia hapa Eldoret na Kisumu, na mtu angedhani dizeli haiwezi kutusumbua. Lakini pampu za kituo cha mafuta nazo huzungushwa na stima. Usiku wa giza la nchi nzima, mafuta yanayotegemewa ni yale yaliyokwisha kuingia katika tangi la hospitali.

MASWALI YA KUULIZA MCHANA

Msomaji, mambo haya si ya madaktari peke yao. Vituo vya afya na zahanati zetu, ambazo tangu 2013 zimo chini ya serikali za kaunti, zina kamati ambamo wananchi huwakilishwa. Aliyekuwakilisha hapo anaweza kuulizwa maswali manne.

Kwanza, jenereta iliwashwa lini mara ya mwisho kwa majaribio, ikiwa imebeba mzigo wake halisi? Jenereta isiyowashwa kila mara huwa na betri iliyokufa, nayo hulala kimya siku ya haja.

Pili, tangi lina dizeli ya saa ngapi, na nani mwenye ufunguo usiku?

Tatu, chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi mbili na nane za joto huhamishiwa wapi friji ikizimika? Friji ikibaki imefungwa hutunza baridi kwa muda. Ikifunguliwa kila dakika, chanjo za lokesheni nzima huharibika.

Nne, kuna taa gani katika chumba cha kujifungulia? Wako akina mama waliojifungulia chini ya mwanga wa tochi ya simu, huku mkunga akiwa ameishika kwa meno. Mwaka 2008 daktari Mmarekani, Laura Stachel, aliyaona hayo kaskazini mwa Nigeria, akarudi kwao na, kwa msaada wa mumewe, akaunda sanduku dogo la sola lenye taa za kuzalishia. Masanduku ya aina hiyo yamekwisha kufika hata Afrika Mashariki. Zahanati isiyo na uwezo wa jenereta inaweza kuanza na hilo.

Nasi tunaolala wadini au kukesha na wagonjwa tuna wajibu wetu. Tubebe tochi ndogo, wala si mshumaa, kwa sababu penye oksijeni moto ni hatari kubwa. Taa zikizimika tukae tulipo na kuacha njia wazi. Tusikimbilie lifti. Tumwite muuguzi ikiwa mashine ya mgonjwa wetu imenyamaza, kisha tumwachie nafasi afanye kazi. Akisema, "Shika hapa, minya hivi," tushike.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika hospitali ufa huzibwa asubuhi ya kawaida, jua likiwaka na stima ikiwepo, fundi anapokwenda nyuma ya jengo, akaiwasha jenereta kwa nusu saa, akapima mafuta na kutia sahihi katika daftari. Kesho ukipita hospitali ya kwenu, omba kuona daftari hilo.